Mume wa Bibi Amenuna

Hakuna aliyeamua. Nalitanguliza hilo mapema msije mkaanza kutafuta mchawi. Hakuna mkubwa aliyekaa kitini akasema kuanzia leo wagonjwa wa hospitali hii watagawanywa kwa stika. Ilianza tu, kama njia ya mkato inavyoanza kwenye kiwanja cha watu: mmoja kapita, wa pili kafuata, wa tatu akadhani ndiyo barabara.

Stika zenyewe zilikuja na utafiti. Utafiti ulitaka kujua mambo mawili, kina mama wanavyojifungua na watu wanavyoumia barabarani. Kwa nini mambo hayo yalifungwa kwenye mzigo mmoja, waulizeni walioufunga. Kila mgonjwa aliyeingia kwenye utafiti alibandikiwa stika juu ya faili lake, kijani kwa mama mjamzito, nyekundu kwa majeruhi wa barabarani, ili karani akija baadaye kutafuta mafaili yake asihangaike. Basi. Stika ilikuwa ya karani, haikuwa ya mgonjwa wala ya daktari.

Karani alikuwa dada wa miaka ishirini na tisa, mwembamba, mwepesi wa kucheka, aliyesomea takwimu na kusota nyumbani miaka mitatu mpaka alipopata kazi hii. Walimpa tableti, bunda la stika na koti jeupe, kwa sababu bila koti jeupe walinzi wangemsimamisha kila mlango. Watu wa kazi walimwita Bi Stika. Wagonjwa walimwita daktari. Mwanzoni aliwasahihisha. Baadaye alichoka kusahihisha, na tukisema ukweli, baadaye alikuwa amekwisha kulipenda jina hilo.

Mapokezi ya hospitali hiyo ni korido moja pana, mabenchi huku na huku, na mwisho wake njia mbili. Ukipinda kushoto unapanda mteremko wa saruji hadi wodi ya wazazi. Ukipinda kulia unakwenda wodi ya mifupa. Sista wa mapokezi alikuwa mmoja kwa watu sitini, na siku mbaya kwa mia. Msukuma machela alikuwa mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, wakimwita Babu Machela, miguu imepinda na mdomo haujapinda hata kidogo. Huyo ndiye aliyeanza. Siku moja sista kazidiwa, Babu kaangalia faili, kaona kijani, akapinda kushoto. Siku ya pili kaona nyekundu, akapinda kulia. Hakukosea. Sista akashusha pumzi. Wiki ya tatu sista mwenyewe akawa anaita, "Bi Stika, njoo utubandikie hapa!" Mwezi wa nne hakuna tena aliyekumbuka kwamba stika ni za utafiti. Wodini ukileta faili lisilo na rangi wanakuuliza, huyu wa nani?

Na Bi Stika alifurahi, masikini. Alijiona ana maana. Jioni alimwambia dada yake anayekaa naye, "Siku nisipokwenda mimi, pale hapaendi kitu." Mdomo nao, mali ya Mungu.

Sasa sikilizeni Alhamisi ile.

Kila wiki utafiti ulitaka kijani ishirini na nyekundu ishirini, si zaidi. Kufikia Jumatano kijani zilikuwa zimetimia. Nyekundu zilikuwa kumi na nne. Msimamizi wake, bwana mmoja asiyekanyaga hospitali ila kwa simu, alishaandika asubuhi na mapema kwenye kundi: Nyekundu. Nyekundu. Nataka nyekundu. Mtu wa watu akashika kazi na neno hilo kichwani.

Saa nne hivi Babu Machela akaingia anasukuma mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mguu wa kulia umefungwa kwenye kipande cha ubao kwa shuka iliyochanwa, tumbo la miezi minane liko juu. Nyuma yake alikuja bibi mfupi, mwepesi, ameshika mwavuli uliovunjika mbavu zote, na anaongea tangu mlangoni.

"Tulikuwa tunakuja hukuhuku! Mimi na mkwe wangu, kliniki, juu ya pikipiki. Gari dogo likatupiga pale njia panda. Mimi nikatupwa kwenye majani, hata jino sikung'oka, na meno yenyewe ninayo manne tu. Yeye ndiyo mguu. Basi tumefika kliniki, ila kwa mlango mwingine."

"Shikamoo, bibi," akasema Bi Stika akiwasha tableti.

"Marahaba, daktari wangu. Mwangalie mwenzio huyu. Miaka tisa ya ndoa, hii ndiyo mimba ya kwanza kufika hapa. Mwanangu yuko kazini mbali huko, simu haishiki. Nimebaki mimi na mkwe, na huyu wa tatu."

Mkwe alikuwa ameuma meno. Bi Stika alimuuliza kwa upole yale ya kwenye fomu. Umri. Ajali saa ngapi. Chombo gani. Ulivaa kofia? Alipofika kwenye swali la sababu kuu ya kuja hospitali akasita. Kanuni ilikuwa mgonjwa mmoja, fomu moja, na fomu hufuata sababu kuu. Huyu sababu yake kuu ilikuwa kliniki. Alitoka nyumbani kwenda kupimwa mimba. Ajali ilimkuta njiani. Kijani, basi. Lakini kijani zimejaa. Kama angefuata kitabu angeliacha faili bila rangi, na sista angelazimika kuinuka, kuja, kumshika mgonjwa tumbo na kuamua mwenyewe.

Nyekundu, nyekundu, nataka nyekundu.

Akachagua fomu ya barabarani. Fomu ile ilikuwa na kisanduku kimoja: mjamzito, ndiyo au hapana. Akagusa ndiyo. Halafu ikaendelea na mguu.

Bibi naye alikuwa ameweka kiganja juu ya tumbo la mkwe wake. "Huyu humu ndani ni mume wangu," akamwambia Bi Stika. "Usinione hivi, nina mchumba. Kila nikimwekea mkono ananipiga teke, ana wivu huyo! Lakini tangu gari litutupe amenuna. Kimya. Hataki hata kunisemesha."

Bi Stika akacheka. Nani asingecheka? Hata mkwe, na mguu ule, alivuta mdomo kidogo. "Atamnunia vipi mke mzuri hivi," akasema Bi Stika. "Muache, bibi. Wanaume ndivyo walivyo, ataacha kununa mwenyewe."

Akabandua stika nyekundu, akaibandika kwenye faili, akailainisha kwa kidole gumba. Sista alipita mbio, akauliza bila kusimama, "Ana uchungu? Anatoka damu?" Mkwe akasema hapana, mguu tu. Ilikuwa kweli, wakati ule. Mlangoni walikuwa wanashushwa watu wanne wa lori. Babu Machela akaangalia faili, akapinda kulia.

Hivyo tu. Dakika kumi na moja, tableti ilihifadhi.

Saa saba na robo Bi Stika alikuwa ameketi nje ya wodi ya wazazi, anamalizia fomu ya kijani ya Jumatatu iliyokuwa na pengo. Mama wa fomu ile alikuwa mnene, mcheshi, miguu ndani ya beseni la maji baridi. Swali la thelathini na moja: tangu uamke leo, mtoto amecheza mara ngapi?

"Huyu?" mama akasema. "Usiniulize mara ngapi, niulize amepumzika saa ngapi. Ananirukia humu kama mwanambuzi."

Bi Stika aliandika neno moja, kidole kikaganda juu ya kioo.

Amenuna. Tangu gari litutupe amenuna. Kimya.

Swali hilo alilijua kwa moyo. Alikuwa amewauliza kina mama mia tatu. Alijua kwamba jibu likiwa "hajacheza" fomu ya kijani inawaka pembeni na kuandika: mwite mkunga sasa. Bibi alimjibu swali la thelathini na moja kabla hata hajaulizwa, na yeye akacheka, kwa sababu fomu aliyokuwa ameishika haikuwa na swali hilo. Akili yake nzima ilikuwa imeishia pale fomu inapoishia. Alisimama hivi, beseni la mama wa watu likapinduka, wala hakugeuka kuomba radhi.

Alikimbia mteremko wote. Watu wakampisha, koti jeupe likikimbia watu hupisha.

Wodi ya mifupa ilikuwa na wagonjwa arobaini na wawili na muuguzi mmoja. Mkwe alikuwa kitanda cha nne kutoka dirishani, mguu umening'inizwa kwa uzito, uso umebadilika rangi kama majivu. Ametota jasho. Bibi alikuwa anampepea kwa kitambaa kilichobaki cha mwavuli, na safari hii hakuwa anaongea.

"Anasema mgongo," bibi akanong'ona. "Mgongo na tumbo. Nimemwambia yule binti, kampa dawa ya maumivu."

Bi Stika akaweka mkono juu ya tumbo. Hakuwa na haki ya kuliweka, hakuwa amesomea, lakini hata mtoto mdogo angejua. Lilikuwa gumu kama ubao wa meza. Halilegei. Akalibonyeza taratibu na mkwe akalia sauti moja fupi, kisha akafunga mdomo kwa aibu, wanawake wazuri hawa wanaoona aibu hata kufa.

"Tangu lini hivi?"

"Tangu saa tano," akasema mkwe. "Daktari, mtoto hachezi."

Alimwita yeye daktari. Bi Stika alitamani sakafu immeze.

Muuguzi wa mifupa hakuwa mtu mbaya. Msimtukane. Alikuwa na dripu mkono mmoja na beseni la matapishi mkono wa pili. "Tumbo la mimba haliumi?" akasema. "Na mimi nilijua huko mapokezi wameshampima. Si angekuja na kijani kama kuna shida ya mimba? Huyu nyekundu." Hata hivyo alipoona uso wa Bi Stika aliweka beseni chini, akaja, akashika, akasema neno ambalo siliandiki. Akaenda kwenye simu ya ukutani. Wodi ya wazazi walipokea baada ya muda mrefu. Wakamjibu kwamba hawana kitanda, kwamba mgonjwa wa mifupa aliyening'inizwa uzito haondolewi bila ruhusa ya daktari wa mifupa, kwamba waandike barua ya kuhamisha kisha daktari wao aje amwone. Daktari wa mifupa alikuwa chumba cha upasuaji na wale wa lori. Saa ngapi atatoka? Akitoka.

Bi Stika akachukua faili, akakimbia nalo tena, juu, mteremko uleule. Mkunga wa zamu alikuwa mlangoni, mwanamke mpana mwenye miwani kwenye kamba, nyuma yake vitanda vimejaa na wengine wako chini kwenye magodoro.

"Dada, tafadhali, kuna mama kule mifupa, tumbo limekuwa gumu, mtoto hachezi tangu..."

Mkunga akatazama faili kwanza. "Huyu si wetu."

"Ni wenu. Ana miezi minane."

"Bi Stika, wewe ndiye umebandika nyekundu hapa au ni mimi? Kila siku tunakufuata wewe. Leo unataka tusikufuate?" Hakusema kwa ukali. Alikuwa ametoka kuzalisha pacha, glavu bado mkononi. "Nina watatu wanaosukuma sasa hivi. Nileteeni barua."

Hapo ndipo alipoelewa alichokuwa amekijenga kwa miezi minne ya kucheka na kusifiwa. Alisimama kwenye mteremko na machozi yakaja, akayafuta kwa mkono wa koti. Kuna wakati mtu hulia akitembea. Yeye alilia akipekua mfuko. Akatoa bunda la kijani. Kijani za wiki zilikuwa zimekwisha, kila stika ina namba yake, wodi huiingiza kwenye mashine, na ukitumia ya wiki ijayo inakuumbua mpaka kwa Profesa mwenye utafiti. Kazi ilikuwa inamponyoka. Alijua kwamba inakwenda. Akabandua moja, akaibandika juu ya ile nyekundu, akaibana kwa kidole gumba mpaka pembe zikalala.

Babu Machela alikuwa anakula, tonge mkononi. Aliposikia hakumaliza kutafuna. "Uzito wa mguu nani atautoa?" akauliza. Muuguzi wa mifupa akautoa yeye, bila ruhusa ya mtu, akasema, "Nitajibu mimi, nendeni." Mkwe alipiga yowe mguu uliposhuka. Wakampandisha, Babu akivuta mbele, Bi Stika akisukuma nyuma, bibi pembeni amekumbatia mfupa wa mwavuli wake. Kwenye kona ya mteremko gurudumu la machela likagoma, lile gurudumu ambalo Babu aliliandikia ripoti tangu mvua za mwaka juzi. Wakaliburuta likilia. Babu, ambaye hajawahi kupanda mteremko ule bila mzaha, alipanda kimya.

Mlangoni mkunga akaangalia faili. Akaona kijani. Akaona pia ukingo mwekundu unachungulia chini yake, akamtazama Bi Stika sekunde moja, halafu akasema, "Ingizeni."

Hakukuwa na kitanda, wakamweka kwenye machela yaleyale. Mkunga akaenda na lile pembe lake la mbao la kusikilizia, akaweka upande mpana tumboni, sikio upande wa pili, akafumba macho. Chumba kile hakinyamazi, kina mama watatu walikuwa wanapiga kelele, lakini hapo palikuwa kimya. Akahamisha pembe kushoto. Akahamisha chini. Akarudi juu.

"Amelala tu," bibi akasema. "Mvivu kama babu yake. Babu yake ukimwamsha mchana..."

Mkunga aliweka pembe chini. Akainua shuka. Damu ilikuwa imeanza kutoka, kidogo, nyeusi. Kisha yule mwanamke mpana akageuka mwepesi kuliko msichana, akaita daktari, akaita damu, akaita watu wa dawa ya usingizi, na machela yakaondoka yakilia gurudumu hadi mlango wa upasuaji, na mlango ukafungwa.

Walibaki kwenye benchi, bibi na Bi Stika. Saa nane. Saa tisa. Bibi aliomba Mungu kwa sauti ya chini, mara anamwomba, mara anamlaumu. Alikuwa anamfahamu mkwe huyu tangu ana miaka ishirini na mbili. "Watu walimwambia mwanangu amwache," akasema, "kwa ajili ya mtoto. Mimi ndiye niliyekataa. Nikawaambia mnaniletea mwingine wa nini, huyu anajua hata ninavyopenda chai yangu." Tableti ilikuwa inatetemeka mfukoni. Msimamizi: mgonjwa mmoja ana namba mbili, eleza. Baada ya dakika tano: Unanisikia? Eleza. Bi Stika akaizima.

Saa kumi kasoro daktari wa wazazi akatoka, kijana mwenye macho mekundu, akachuchumaa mbele ya bibi kama anavyochuchumaa mtu aliyelelewa vizuri. Akasema kondo la nyuma lilikuwa limeachia. Lile pigo la barabarani lililitikisa, likaachia polepole, damu ikajikusanya ndani ambako haionekani. Mama yuko hai. Walimwekea damu chupa tano. Kizazi hakikukubali kufunga, wakakitoa ili asife.

"Na mume wangu?" bibi akauliza.

Daktari hakumwelewa. Mkunga aliyesimama nyuma yake alimwelewa. "Alikuwa wa kiume, mama," akasema. "Tumemkuta hayupo."

Bibi akauliza swali ambalo Bi Stika alikuwa anaomba asiulize. "Tungefika mapema?"

Mkunga alivua miwani. Hakuwa mtu wa kuongopa, na laiti siku ile angeongopa. "Mlifika mapema, mama," akasema. "Saa nne mlikuwa hapa. Angepanda huku saa nne, huyo angelia."

Watu husema majuto ni mjukuu. Pale mjukuu hakuja, yakaja majuto peke yake.

Wakamletea bibi kile kifurushi, shuka nyeupe imekunjwa vizuri, akakipokea kwa mikono miwili, akafunua kidogo, akafunika. Akaligeukia benchi. Machozi yanamtiririka na hayafuti, akamshika Bi Stika mkono. "Mungu akubariki, daktari wangu," akasema. "Ningezika wawili. Nilikuona unavyokimbia. Mtoto wa mtu, umekimbia kwa ajili yetu mpaka viatu vimekupasuka. Bila wewe nisingebaki na mkwe."

Angeweza kunyamaza. Nani angemlaumu? Mkunga mwenyewe aliangalia pembeni kumpa nafasi anyamaze. Na Mungu ni shahidi, alijaribu. Lakini ule mkono wa bibi ulikuwa mkavu na wa moto na haukumwachia.

"Bibi," akasema, "mimi si daktari."

"Eh?"

"Mimi ni karani. Naandika majina. Ile stika nyekundu ndiyo iliyowapeleka kulia, na mimi ndiye niliyeibandika. Nilijua safari yenu ilikuwa ya kliniki. Nilikuwa natafuta nyekundu, zimepungua. Na ukaniambia." Akaitazama ile shuka nyeupe. "Uliniambia mume wako amenuna tangu ajali. Ulinieleza kila kitu, bibi. Nikacheka."

Bibi alimwangalia. Alimwangalia muda mrefu, kwa macho yale madogo, na Bi Stika akangoja kofi, akangoja laana, akaitamani laana. Ingekuwa nyepesi.

"Mimi ndiye niliyekuchekesha," bibi akasema.

"Hapana, bibi."

"Mimi. Mdomo wangu huu." Aliupiga kwa vidole, kwa nguvu, mara mbili, mpaka mkunga akamshika mkono. "Nilijua hachezi. Nilijua! Nimezaa sita, sijui mimi? Nikaogopa kulitamka mbele ya mkwe, nikaligeuza mzaha. Ningelia tu kama watu wengine, ungenisikia."

Bi Stika akapiga magoti pale sakafuni, akamwambia hapana, hapana, hapana, na kila hapana ilikuwa haisaidii kitu. Alikuwa ametoa mzigo wake kifuani akauweka kwenye mapaja ya bibi, juu ya mzigo ambao tayari ulikuwapo. Ukweli nao una siku zake mbaya.

Simu yake ya mkononi ikalia. Ilikuwa Babu Machela, huko chini mapokezi. "Bi Stika, uko wapi? Hapa wamekwama tisa, mafaili hayana rangi, sista amechanganyikiwa. Tuwapeleke wapi?"

Akasikia kelele za korido kwenye simu, mtoto analia, mtu anaita jina. "Mwambie sista awashike," akasema mwishowe. "Mmoja mmoja. Awashike kwa mkono."

"Tutamaliza saa ngapi?"

"Sijui, Babu."

Mlango ukafunguka. Muuguzi wa upasuaji akachungulia, akasema kwa sauti ndogo kwamba mama amezinduka, ameshaanza kuuliza mtoto yuko wapi, nani wa familia aingie kumwambia.

Bibi akainuka. Akasimama na kifurushi chake, hatua moja, akasimama tena. Akageuka.

"Njoo," akamwambia Bi Stika.

"Bibi, mimi siwezi kuingia mle."

"Utaingia. Utasema wewe. Mimi nikifungua mdomo huu utatoka utani, najijua, miaka sabini hii. Na akicheka leo sitajisamehe." Akamwelekea Bi Stika, akaushika ukosi wa lile koti jeupe, akaanza kulifungua vifungo kwa mkono mmoja, taratibu, kama anamvua mtoto nguo ya shule. "Na hili livue. Aone ni nani anayemwambia."

Koti likabaki kwenye benchi, na tableti mfukoni mwake.

Mkwe alikuwa amelala chali, midomo imekauka, mguu umewekwa kwenye mto. Alimtazama mama mkwe wake, akatazama kile alichokishika, halafu akamtazama huyu dada aliyevaa blauzi ya kawaida, na pengine hakumtambua. Mkono wake ulikuwa umeshateremka chini ya shuka, unatafuta tumbo.

Bi Stika akavuta kiti, akakaa karibu, akaushika ule mkono usiende mbali zaidi, akaanza kumsimulia kuanzia pale alipocheka.